Mradi wa kaboni unataka msitu wa ukoo wetu Kikuube: nani aweke saini?

Kijana wa Kiziranfumbi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Kuna jambo linatugawa nyumbani na ninaomba ushauri wa watu waliolipitia wenyewe.

Babu alituachia msitu kando ya mto hapa Kikuube, magharibi mwa Uganda, kama ekari arobaini, kati ya Bugoma na Budongo. Ni msitu wa asili: mvule, mahogani, musizi, na sokwe hupita humo wakitoka upande mmoja kwenda mwingine. Karatasi hatuna hata moja. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anajua ni wa ukoo wetu, majirani wanajua, basi. Pande tatu tumezungukwa na miwa, upande wa nne ni mto.

Mwezi uliopita walikuja watu wa mradi wa kaboni. Wanasema tukiacha kukata miti, wapo wanunuzi Ulaya watakaolipia hewa ya ukaa ambayo msitu wetu unaizuia isipande angani. Mkataba ni wa miaka 25. Wameacha fomu yenye nafasi ya saini moja tu, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Baba mkubwa yuko tayari kusaini kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Shangazi zangu na mjane wa baba mdogo, ambao ndio wanaookota kuni na kuchuma dawa humo na wanalima pembeni yake, hawakuitwa kwenye kikao. Binamu zangu nao wanasema heri tuwauzie mvule watu wa pawasoo, wale wa misumeno ya injini, halafu ardhi tuikodishe kwa miwa, maana miwa inalipa.

Je, mtu anaweza kuuza kaboni ya msitu usio na hati? Na hiyo kaboni ni ya nani hasa? Tena, tukienda kujiandikisha serikalini, si ndiyo tunaionyesha serikali mahali pa kuweka hifadhi na kutufukuza? Hilo la mwisho ndilo linalowanyima wazee usingizi.

Mzee wa Nyabyeya

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya misitu hadi kustaafu, kwa hiyo nianze na hiyo hofu ya wazee, maana nimeisikia kila kijiji nilichofika.

Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 haichanganyi misitu yote pamoja. Zipo hifadhi kuu 506 zilizo chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, zipo hifadhi za wilaya, ipo misitu ya jamii na ipo misitu ya watu binafsi. Hifadhi zinashikwa na serikali kwa dhamana kwa niaba ya wananchi, na si za kugawiwa mtu. Wenu si hifadhi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia, na umiliki wa kimila ni mojawapo ya aina nne zinazotambuliwa, pamoja na mailo, frihodi na lizi. Kwa hiyo ninyi ni wenye ardhi leo hii, kabla ya karatasi yoyote. Karatasi haiwapi haki mpya. Inamnyima mwingine nafasi ya kuikana ile mliyo nayo. Na serikali ikihitaji ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, ibara ya 26 inataka fidia ya haki ilipwe kwanza.

Waambie binamu zako pia kuhusu mto. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinakataza kulima ndani ya mita 30 kutoka ukingoni, na kwa mito mikubwa iliyotajwa humo ni mita 100. Miwa haina ruhusa ya kufika majini hata kama ardhi ni ya baba yao. Na mvule haukatwi na kupakiwa lori bila ofisa misitu wa wilaya kujua.

Nakwambia haya kwa uchungu. Mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya nchi hii. Kufikia 2015 ilibaki asilimia 9 hivi. Na iliyoisha kwa kasi kubwa zaidi ni hii ya nje ya hifadhi, ya koo na ya familia kama yenu, kwa sababu haikuwa na mlinzi wala mwenye karatasi.

Mama Zubeda, Masindi

Asalaam aleikum. Mwanangu, fomu hiyo isisainiwe mwezi huu. Wala mwezi ujao. Mradi wenye nia njema utasubiri, na usiosubiri mmeshaujua.

Mimi ni katibu wa kikundi chenye msitu huku Masindi. Wanachama wetu ni Wanyoro, Waaluri na Walugbara, na wapo waliovuka kutoka Kongo tangu enzi za wazazi wao. Ndiyo maana vikao vyetu tunaviendesha kwa Kiswahili na kumbukumbu naziandika kwa Kiswahili. Tulianza kwa kuwatazama majirani zetu wa Ongo na Alimugonza, kwenye gombolola (sehemu ya wilaya) la Budongo, ambao waliitangulia njia hii.

Njia yenyewe imo ndani ya Sheria ya Ardhi ya 1998. Watu wanaomiliki ardhi pamoja wanaweza kuunda jumuiya ya ardhi ya pamoja. Ofisini wanaiita CLA. Mnapeleka ombi kwa msajili wa wilaya, naye anaitisha mkutano wenu wote. Angalau asilimia 60 wakikubali, mnachagua viongozi, wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, na theluthi moja yao lazima wawe wanawake. Halafu mnaandika katiba yenu, anaipitia. Hapo kikundi kinakuwa mtu mbele ya sheria: kinashika ardhi, kinashtaki, kinashtakiwa, kinaweka saini. Saini ya baba mkubwa peke yake itakuwa ya baba mkubwa peke yake.

Kisha mnaomba cheti cha umiliki wa kimila kwa jina la jumuiya. Hapa ndipo kazi ilipo, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani kazi ni ya ofisini. Kamati ya Ardhi ya gombolola inabandika tangazo mahali pa wazi kwenye parokia, yaani eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola, na linakaa wiki mbili au zaidi kabla ya siku ya kusikiliza, ili mwenye pingamizi ajitokeze. La kwetu lilibandikwa kwenye mwembe wa sokoni na mvua ikalichukua usiku. Tulikwenda kuomba jingine, tukalipigilia chini ya baraza la duka la chumvi na sabuni, na kila asubuhi mmoja wetu alipita kulitazama. Msizichukulie wiki hizo kama desturi tu. Tangazo lisiposomwa, pingamizi halifi. Linasubiri, na litaibuka siku pesa zitakapofika.

Baada ya hapo mnatembea mpaka. Mtembee na majirani wote, si na kamati peke yake. Kwetu kulikuwa na jirani ambaye miwa yake ilikuwa imeingia msituni mistari kadhaa, kidogo kidogo, kila msimu wa kulima. Alifika akiwa amekunja uso na panga mkononi. Mwenyekiti wa kamati hakusema neno la miwa. Alimwomba mzee aliyekuwa kijana wakati mipaka inawekwa atuongoze, na yule mzee akatupeleka moja kwa moja kwenye kisiki cha mvule kilichofunikwa na majani, akakigonga kwa fimbo, akasema hapa ndipo marehemu baba yako na marehemu mjomba walipokubaliana. Jirani alikitazama kile kisiki muda mrefu. Kisha akasema basi avune miwa iliyopo, na hatapanda tena. Tuliandika hivyo hivyo, akaweka dole gumba, na tukapanda miti ya mpaka siku hiyo hiyo yeye akishika jembe. Kwa hiyo, mwanangu, mtafuteni mzee wa namna hiyo mapema, akiwa bado anaweza kutembea.

Sasa wanawake. Sheria hiyo hiyo inasema uamuzi wowote juu ya ardhi ya kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi hiyo ni batili. Na ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia chakula haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Lakini mimi sikuegemea sheria pekee. Niliwauliza wanaume kikaoni: nani kati yenu anajua njia ya kufika kwenye chemchemi ya ndani? Nani anajua mti upi gome lake linatibu tumbo la mtoto? Nani aliwaona watu wa pawasoo kwanza? Majibu yote yalikuwa majina ya wanawake. Mradi wa kaboni unanunua ulinzi. Shangazi zako ndio walinzi, na mkataba ambao hawaujui wataulinda namna gani? Mjane wa baba yako mdogo akiambiwa ghafla haruhusiwi kuokota kuni kavu, chakula atakipika kwa kutumia nini?

Kuhusu pesa nataka uwe na hesabu mkononi. Hapo kwenu Hoima na Kibaale, kati ya 2011 na 2013, ulifanyika mpango ambao naupenda kwa sababu ulipimwa kwa uaminifu. Vijiji 121 viligawanywa kwa kura: katika 60, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata, 61 vilibaki bila malipo ili kulinganisha. Walitazama kwa picha za setilaiti. Vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti yao, vilivyolipwa asilimia 4.2. Matokeo yalichapishwa 2017. Kwa hiyo anayesema kumlipa mkulima mdogo hakusaidii, mjibuni kwa namba hizo.

Lakini angalia upande wa pili. Waliojiunga ni kama theluthi moja tu ya waliostahili. Hofu ile ile ya wazee wako, ya kunyang'anywa ardhi, nimeisikia huku pia kila ninapotaja mradi, na asiye na cheti ana sababu ya kuwa nayo. Na fanya hesabu: ekari arobaini ni hekta kumi na sita. Kwa kiwango kile ni shilingi 1,120,000 kwa mwaka kwa ukoo mzima. Ni ada ya shule kwa watoto wachache. Haiwezi kushindana na miwa iliyolimwa vizuri. Binamu zako si wabaya, wanajua kuhesabu. Msitu utabaki ikiwa una faida nyingine juu ya hiyo: mizinga ya nyuki, miche ya musizi ya kuuza, kuni kavu, dawa, maji yasiyokauka. Kwetu asali ndiyo iliyowanyamazisha vijana waliokuwa na hamu ya pawasoo.

Umeuliza kaboni ni ya nani. Kaboni imo ndani ya mti, mti umo ndani ya ardhi yenu, na sheria ya misitu ya 2003 inasema mazao ya msitu binafsi ni ya mwenye msitu. Anayetaka kununua azungumze na mwenye ardhi, na mwenye ardhi ni ninyi nyote. Mkifika kwenye mkataba, ulizeni bei ya tani moja ya kaboni huko inakouzwa na mgawo wenu ni kiasi gani. Malipo ya mwaka wa kwanza na wa kumi. Moto ukiunguza nani anabeba hasara. Mkitaka kutoka mnatokaje. Na kesi ikitokea inasikilizwa Hoima au nchi ya mbali. Wasomewe wote kwa Kinyoro na Kiswahili, kwa sauti, hadi mwisho. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Cancun wa 2010, mataifa yalikubaliana kuwa mipango hii ya REDD+, ya kulipia misitu isikatwe, iheshimu haki za jamii za wenyeji na ushiriki wao kamili. Fomu ya saini moja yenye tarehe ya mwisho wa mwezi haifanani na makubaliano hayo. Nendeni pia mkaulize Wizara ya Maji na Mazingira, Idara ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama mradi huo wanaufahamu.

Mkween wa Juu

Mimi ni Mbenet, natoka Mlima Elgon, upande wa Kween. Namuunga mkono Mama Zubeda kwenye neno la mpaka, na nataka mjue mpaka mbovu unafanya nini.

Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 kwa ajili ya watu wetu waliokuwa wakiishi ndani ya msitu na kwenye nyasi za juu. Mstari haukupimwa vizuri. Mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993 na kupimwa upya, ikaonekana watu wamekaa kwenye hekta 7,500 hivi. Zile 1,500 za juu zikahesabiwa kuwa za hifadhi, na watu waliokuwa wamepewa mahali pa kukaa wakaitwa wavamizi. Mahakama Kuu iliridhia makubaliano mwaka 2005 kuwa Wabenet ni wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo na wana haki ya kukaa na kulima. Mama yangu aliisikia hukumu hiyo redioni akiwa kwenye kibanda cha majani. Bado yuko kwenye kibanda cha majani.

Mlima huu huu ulikuwa na mradi wa kupanda miti ya kaboni kwa pesa za Uholanzi tangu 1994. Kwenye maeneo ya ugomvi watu waliikata miti ile. Nimesikia wakiitwa wajinga wasiopenda mazingira. Sisi ni watu wa msitu! Lakini mti uliopandwa juu ya shamba la mtu bila kumaliza kesi ya shamba, yeye anauona kama alama ya mpaka wa adui.

Kijana, ninyi mna bahati kwamba hamjaingiliwa. Pimeni sasa.

Mkazi wa Mbulu, Tanzania

Poleni na hongereni jirani zetu. Nitasema machache. Kwetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za kimila za kikundi mwaka 2011, na mradi wa kaboni wa bondeni ukasimama juu ya haki hiyo. Walinzi wa msitu ni vijana wao wenyewe na wanalipwa. Sheria zetu za ardhi ya vijiji ni tofauti na zenu, kijiji kina mamlaka makubwa zaidi huku, lakini mpangilio ni ule ule anaousema Mama Zubeda: ardhi ilijulikana ni ya nani ndipo mnunuzi akaja mezani.

Kijana wa Kiziranfumbi

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee wa Nyabyeya, nimewasomea wazee maneno yako na mmoja aliomba nirudie ile ya ibara ya 237.

Mama Zubeda, bado kuna kizuizi kimoja. Baba mkubwa amekasirika. Anaona jumuiya ni njia ya kumvua heshima mbele ya watoto, na amesema akiondolewa atasaini hata kesho. Nifanyeje bila kumvunjia adabu?

Mama Zubeda, Masindi

Usiende wewe. Kijana akimpelekea mzee sheria, hata ikiwa ya kweli, inasikika kama kesi. Mtumieni shangazi mkubwa, dada yake wa kuzaliwa, aende na mzee mwingine wa ukoo anayeheshimiana naye. Wampelekee ombi: ukoo unataka yeye awe mwenyekiti wa kwanza wa jumuiya, na jina lake litangulie kwenye ombi la msajili. Hilo ni haki yake, ameulinda msitu huo tangu babu yako afe, na bila yeye huenda leo mngekuwa mnauliza habari ya miwa tu. Kwenye katiba yenu wekeni wazi kwamba mwenyekiti haweki saini ya kuuza, kukodisha wala kuingia mkataba wa kaboni bila mkutano wa wanachama kupiga kura na kumbukumbu kuandikwa, na mweka hazina awe mwanamke. Kifungu hicho kisomwe yeye akiwa amekaa kiti cha mbele, kama sheria ya kila mwenyekiti atakayekuja.

Wakati huohuo wewe, kwa kuwa unajua kusoma na kuandika, andika barua fupi kwa watu wa mradi: ukoo unashukuru, umeanza kuandikisha ardhi yake, utawaita ukimaliza, na hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Nakala moja kwa mwenyekiti wa LC1 aipige muhuri, nyingine kwa ofisa misitu wa wilaya. Barua hiyo ikishapokelewa, hata saini ikipatikana kwa pembeni, mradi hautaweza kusema haukujua.

Jumatatu nendeni gombolola mkaulize Kamati ya Ardhi inakaa lini na ada zao ni kiasi gani, na mdai risiti. Nitumie ujumbe nikupe mfano wa katiba yetu, imechapwa vizuri, mtabadilisha majina na mipaka.